Kioo Cheusi, Mashine Nzima

Mtu akiniletea laptopu mpya ambayo kioo chake hakionyeshi kitu, neno lake la kwanza huwa ni "imekufa". Simbishii. Navuta pazia la dirisha, nawasha tochi ya simu na kumulika kioo kwa ubavu, jicho langu likiwa karibu kabisa. Kuna siku naona nembo ya mtengenezaji pale gizani, au maandishi hafifu yanayouliza lugha gani itumike. Picha ipo, ila taa iliyo nyuma ya kioo haijawaka, pengine kwa sababu mwangaza umeshushwa hadi sifuri. Tukishaonana na hiyo picha, mimi na mteja, ndipo mazungumzo yanapoanza.

Nina kiduka cha ufundi hapa Tabora, upande wa kuelekea stesheni. Mgeni akiingia huuliza fundi yuko wapi. Namwambia aketi, fundi anakuja, kisha nazunguka meza na kuchukua bisibisi. Kazi ninayoipata kuliko zote ni kupiga Windows, na vijana wa vyuo siku hizi wananiletea Linux pia. Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, wapo wanaonunua mashine mpya ili waingie Windows 11, na wapo ambao mashine zao hazina sifa za kuipokea, wakaamua kuhamia Linux. Njia zote mbili zina kikwazo kimoja kinachowatisha watu kuliko vingine: unaanza kupandisha mfumo endeshi, kioo kinakuwa cheusi, basi.

Kuna mafundi ambao hapo hupiga upya. Ikikataa, wanapiga tena. Ikikataa tena wanasema kadi ya picha imeungua, nunua nyingine. Mimi nalia nao, maana kupiga upya bila kujua picha imepotelea wapi ni kumwongezea mtu gharama tu. Mji wetu umezoea kutafuta vilivyopotea njiani. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafunguliwa 1928. Mzigo usipoonekana, karani mzuri wa njia panda kama hii anauliza swali moja: mara ya mwisho ulionekana stesheni gani? Picha ya kompyuta nayo ina stesheni zake. Kwanza umeme na kumbukumbu ya RAM. Kisha programu ya kuamshia iliyochomwa ndani ya madabodi, ile ambayo wengi bado tunaiita BIOS ingawa mashine mpya zina UEFI. Kisha menyu ya flashi, kisha kiini cha mfumo endeshi chenyewe, ambacho vijana hukiita keneli, kisha draiva ya kadi ya picha. Mwisho waya na kioo.

Kwa hiyo nabonyeza kitufe na kutazama. Nembo ya mtengenezaji ikitokea, nimejua mengi kwa mkupuo: kioo ni kizima, waya ni mzima, kadi inatoa picha. Kinachosumbua kipo kwenye programu, na boksi halifunguliwi. Nembo isipotokea kabisa, hapo hakuna mfumo endeshi wa kulaumiwa, maana haujafikiwa hata kidogo. Jaribio hili halina gharama, na linashangaza jinsi linavyorukwa.

Nembo isipotokea, jambo la kwanza ninaloliuliza ni mashine imekuja na nini. Wapelelezi Burton na Speke walipotoka pwani 1857 walitumia siku 134 kufika Kaze, jirani na mji wetu wa leo. Waliingia Novemba 7. Leo basi linatoka Dar es Salaam na kupitia Dodoma, Manyoni na Itigi kwa siku moja, lakini boksi lililowekwa chini ya mizigo ya wengine bado linafika likiwa limetikiswa zaidi ya kilomita 800. Kadi za picha za siku hizi ni nzito, nyingine zina feni mbili au tatu, na zinaning'inia kwenye tundu moja. RAM nazo hufyatuka. Ndiyo maana natofautisha mashine iliyojaribiwa Kariakoo na mashine iliyojaribiwa Tabora.

Mwalimu mmoja mstaafu, anayefungua steshenari, aliagiza mashine ya mezani kwa simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wameniuzia boksi tupu."

Boksi lilikuwa linanguruma vizuri, taa zinawaka, feni zinazunguka, kioo kimya. Nikageuza nyuma. Waya wa HDMI ulikuwa umechomekwa kwenye tundu lililo juu, karibu na matundu ya kipanya na kibodi, yaani tundu la madabodi. Stika ilisema prosesa ni Core i5-12400F. Hiyo herufi F mwishoni ndiyo yenye habari yote: prosesa za Intel zenye F hazina sehemu ya kutengeneza picha. Madabodi inakuwa na tundu la HDMI, lakini nyuma ya tundu hakuna wa kulihudumia. Picha inatoka kwenye kadi peke yake, na matundu ya kadi yako chini zaidi, yamelala kwa mlalo.

Nikahamisha waya. Bado kimya. Tukafungua ubavu, na kadi ilikuwa imeinama, nusu nje ya tundu lake, skrubu ya kuishika haipo. Nikaichomoa, nikapangusa vumbi, nikaisukuma mpaka kibanio kikalia, nikatafuta skrubu kwenye kopo langu. Nembo ikatokea.

"Kwa hiyo hawakuniibia?"

"Hawakukuibia, mwalimu. Hawakufunga skrubu."

Kwenye mashine mpya kabisa kuna kioo cheusi kingine ambacho si ugonjwa. Zile zenye RAM ya DDR5, hasa madabodi za AMD za soketi ya AM5, zikiwashwa mara ya kwanza au baada ya kubadilishiwa RAM, hutumia dakika kadhaa kujipima na kumbukumbu zake. Muda wote huo kioo ni giza. Mtu anachoka kusubiri, anazima, anawasha, na kipimo kinaanza upya. Tiba yake ni chai na maandazi.

Sasa waya. Tabora bado ni mji wa VGA, ile plagi ya bluu yenye pini 15 na skrubu mbili za kukaza kwa vidole. IBM iliianzisha 1987, miaka 13 baada ya serikali yetu kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mpaka leo monita za mitumba na projekta za shule nyingi hazina tundu jingine. Mashine mpya zinakuja na HDMI au DisplayPort tu, kwa hiyo mtu ananunua kigeuzi cha bei ya soda. Hapo nina maneno. HDMI inapeleka picha kwa namba na VGA inaipeleka kwa mawimbi ya umeme, kwa hiyo kigeuzi lazima kiwe na chipu inayofanya kazi ya kugeuza, na chipu inahitaji umeme. Kile kisicho na chipu ni plagi mbili zilizounganishwa kwa matumaini. Wala huwezi kukitumia kinyumenyume: kilichotengenezwa kutoa HDMI kwenda VGA hakitakubali kuchukua VGA kwenda HDMI.

Halafu kuna ugonjwa mdogo ambao umenipatia wateja wa kudumu. Monita ikichomekwa, huwa inajitambulisha kwa kompyuta: mimi ni fulani, upana wangu ni huu, kimo changu ni hiki. Utambulisho huo ni data ndogo sana, baiti 128 kwa kawaida, na kwenye VGA unapita katika pini ya 12 na ya 15. Waya za bei rahisi hazina nyuzi kwenye pini hizo. Picha inapita, utambulisho haupiti. Kompyuta, ikiwa haijui inazungumza na nani, inachagua kipimo cha tahadhari, mara nyingi 1024 kwa 768, na kwenye kioo kipana cha 1920 kwa 1080 kila herufi inanenepa na kila mviringo unakuwa yai. Watu hupandisha draiva mpaka wachoke. Ukiona Windows imeiandika monita yako kuwa "Generic Non-PnP Monitor", acha draiva, badilisha waya kwanza.

Lakini kesi zilizo tamu, kwangu mimi, ni zile ambazo nembo inatokea, menyu ya flashi inatokea, unachagua kupandisha, kisha giza. Hapa kila kitu cha kushikika ni kizima.

Kijana mmoja wa chuo alikuja na laptopu ya michezo, yenye picha ya Intel ndani ya prosesa na kadi ya Nvidia pembeni, na flashi ya Linux ya Ubuntu 20.04 aliyorithishwa na kaka yake. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba kioo kinahitaji kubadilishwa. Nikamwambia abonyeze Caps Lock. Taa ikawaka. Abonyeze tena. Ikazima. Mashine iliyoganda haifanyi hivyo. Mfumo huu ulikuwa macho, unasubiri kuulizwa, ila ulikuwa unazungumza gizani.

Kinachotokea ni hiki. Programu ya madabodi, inapoamka, inachora picha kwa njia ya kawaida ambayo kadi karibu zote zinaikubali. Haina mbwembwe, haina kasi, lakini inaonekana. Keneli ya Linux inapoingia, inataka kuichukua kadi mikononi mwake na kuiendesha kwa uwezo wake wote: inaweka upya kipimo cha picha, kasi ya kioo na tundu la kutolea. Ikiwa draiva iliyomo inaijua kadi hiyo, hutagundua hata kidogo. Ikiwa kadi imetoka kiwandani baada ya draiva kuandikwa, makabidhiano yanaharibika katikati. Ile picha ya mwanzo imeshafutwa, na mpya haijachorwa.

Tukawasha tena. Kwenye menyu ya flashi, kabla ya kuchagua, nikabonyeza herufi e. Yanatokea maandishi kadhaa yanayotisha, na mstari unaohusika ni ule unaoanza na linux. Karibu na mwisho wake kuna quiet splash. Mbele yake nikaandika neno moja, nomodeset, nikabonyeza F10. Neno hilo linaiambia keneli: usiiguse kadi, endelea na picha uliyoikuta. Ubuntu za karibuni zinalo tayari chaguo la menyu lenye maneno safe graphics linalofanya kazi hiyohiyo, na Linux Mint wana lao la compatibility mode. Wengi hawalichagui kwa kudhani ni la mashine mbovu.

Picha ikarudi, herufi kubwa, dirisha linajivuta. Kijana akataka kuondoka nayo hivyohivyo. Hapana. Ukiishi na nomodeset unaishi bila nguvu ya kadi: video zinakwama, projekta haitambuliwi, mwangaza haupungui. Ni neno la kukuvusha. Ukishapandisha, unaingia intaneti, unasasisha keneli, unaweka draiva ya Nvidia, halafu unahakikisha neno lile halikubaki kwenye mipangilio ya kuwashia. Kuna mtego mmoja hapo. Mashine zenye Secure Boot huomba uweke nywila wakati wa kupandisha draiva, na zikiwashwa upya huleta kioo cha bluu kinachokutaka uithibitishe kwa kuchagua Enroll MOK. Wengi wanabonyeza tu Enter kuendelea na safari, draiva inakataliwa, na wanarudi kwangu wakisema Linux ni mbovu.

Jambo ambalo ningependa kila mtu amuulize fundi wake ni hili: flashi yako ina umri gani? Mafundi wengi wa mitaani wana flashi moja wanayoipenda, iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita, nayo inawafaa vizuri kwenye mitumba ya Dubai. Mashine mpya inaikataa, na wao wanailaumu mashine. Kadi za Intel Arc ziliingia sokoni 2022, na Linux ilianza kuzipokea bila kulazimishwa kuanzia keneli ya 6.2, mwaka 2023. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022 ilikuwa na keneli ya 5.15. Kupiga mara kumi kusingeongeza kitu. Ni kuchukua toleo jipya tu. Kwenye Linux ya Debian, kadi za AMD zilikuwa na kisa chao, kwa sababu zinahitaji faili zao maalumu za ndani ambazo wenye Debian hawakuziweka kwenye flashi yao rasmi mpaka toleo la 12, Juni 2023. Aliyetumia toleo la 11 alipata giza au picha kubwa mno, na wala hakukosea popote.

Windows ina ustaarabu zaidi kwenye hili, lazima niseme ukweli ingawa moyo wangu uko Linux. Isipoijua kadi, inajishikiza na draiva yake ya dharura, inayoandikwa Microsoft Basic Display Adapter, na kukuonyesha angalau kitu. Tatizo la Windows huja baadaye, ikijishushia draiva yenyewe kutoka intaneti na kioo kikazima katikati ya kazi. Kabla ya kukimbilia kwangu, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huiwasha upya draiva ya picha. Halafu Windows na P, uone kama picha haikutumwa kwenye projekta ambayo haipo. Mteja wa Ulyankulu alinipigia akiwa amekata tamaa, akawa ananisomea herufi za kwenye kibodi moja moja. Ilikuwa ni hiyo P.

Kusomewa herufi kwa simu ni sehemu kubwa ya kazi yangu. Tangu 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux, tumejua kwamba programu zinaweza kuongea Kiswahili. Ujumbe wa mashine inapoamka, hata hivyo, bado ni wa Kiingereza na hukaa sekunde mbili. Nawaambia wateja wachukue video, wanitumie WhatsApp, nami nitaisimamisha pale ninapotaka.

Wa mwisho kumtaja ni mama katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, kutoka upande wa Urambo. Alikuja na mashine mpya kabisa na sharti moja: Windows 7. Programu yao ya hesabu za wakulima iliandikwa kwa ajili yake, aliyeiandika hapatikani, na msimu wa masoko umekaribia. Fundi wa kwanza alijaribu. Vile vimwanga vinne vya rangi vinakuja, vinakutana katikati, vinaganda.

Nilimweleza kwamba hata angempata fundi wa aina gani, vingeganda. Windows 7 ni ya 2009, na inapoamka inaomba picha kwa njia ya zamani, ya enzi za BIOS na VGA. Mashine mpya nyingi zimeiondoa njia hiyo. Intel ilitangaza 2017 kwamba ingeachana nayo ifikapo 2020. Mfumo unaomba, hakuna wa kuujibu. Na hata ungepita hapo, kibodi na kipanya visingefanya kazi wakati wa kupandisha, maana flashi ya Windows 7 haijui USB 3.

Tulipanga hivi: Windows 11 kwenye mashine yenyewe, halafu programu iitwayo VirtualBox juu yake, na ndani ya VirtualBox ile Windows 7 na programu ya hesabu, bila kuunganishwa na intaneti kwa kuwa Microsoft iliacha kuilinda Januari 14, 2020.

"Kwa hiyo ndani ya kompyuta kuna kompyuta nyingine?"

"Ndiyo, mama. Ya kuandikwa tu, lakini yenyewe haijui."

VirtualBox huitengenezea Windows 7 kadi ya picha ya kubuni, ya mtindo wa kizamani inaoufahamu. Vimwanga vinne vikakutana, vikang'aa, vikaendelea. Mama katibu akafungua daftari la wakulima na kuanza kuhakiki majina kabla sijanyanyuka kitini.

Kilibaki kitu kimoja. Mashine ikilala, kioo kilikuwa hakirudi, na maelezo ya mtengenezaji yalisema toleo jipya la programu ya madabodi linatibu. Nilishalishusha. Umeme ukakatika. UPS yangu ikaanza kulia, betri ikionyesha nusu.

"Weka basi, dada, niondoke," akasema mama katibu. "Gari la Urambo halinisubiri."

Nikamwambia programu ya madabodi ikikatwa umeme katikati ya kuandikwa, safari hii kioo kitakuwa cheusi kwelikweli, na tochi yangu haitaona kitu. Umeme urudi, UPS ijae, ndipo niguse.

"Hata nikikosa gari?"

"Hata ukikosa. Au mashine ilale hapa, uifuate kesho."

Akatafuta namba ya kondakta kwenye simu yake.